ARDHI YENYE SUMU ISITOZWE KODI YA ARDHI SAFI



Mtaa wa Dandora ulianzishwa katika miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ili mfanya kazi wa mshahara mdogo apate kiwanja chenye maji na choo, ajenge mwenyewe pole pole. Wazee wetu walijinyima, wakajenga. Katika miaka hiyo hiyo Halmashauri ya Jiji ikaanza kumwaga taka za Nairobi karibu na milango yao.

Mwaka 2001 jaa lile likatangazwa kuwa limejaa. Taka hazikukoma. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilipima watoto 328 wa hapo karibu. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kufikia au kupita kiasi kilichokubaliwa wakati ule. Udongo nao ulikutwa na risasi na zebaki. Julai 2021 mahakama iliamuru jaa lihamishwe katika muda wa miezi 6. Miaka imepita, na moshi ungalipo.

Lakini karani wa kodi ya ardhi hakosi kuja! Nairobi kodi hii hutozwa ama kwa thamani ya ardhi, ama kwa ukubwa wa kiwanja. Nyumba haihesabiwi. Basi twauliza: ikiwa kinachotozwa ni udongo, na udongo umetiwa sumu, mbona kodi haipungui? Tena anayedai ni yule yule mwenye jaa. Atuchafulie, kisha atulipishe kama kwamba ni safi!

Wanasema fedha za Kaunti zitapungua. Mbona kila mara Kaunti huwasamehe riba na faini wale wasiolipa kwa wakati? Mdaiwa sugu hupata msamaha. Mwenye kulipa kila mwaka huku mtoto wake akikohoa hapati kitu.

Wala tusiambiwe haiwezekani. Huko Marekani, mahakama ya juu ya jimbo la New Jersey iliamua mwaka 1988 kwamba anayekadiria thamani ya ardhi kwa ajili ya kodi hana budi kuangalia sumu iliyomo. Waliodai huko walikuwa wenye ardhi ya viwanda. Kama hao walisikizwa, mwenye vyumba viwili amekosa nini?

Wako wenzetu wanaonyamaza, wakiogopa viwanja vyao kushuka bei. Ndugu, moshi ule mnunuzi hauoni? Mficha ugonjwa, kifo humfichua.

Twadai hivi:

1. Viwanja vyote vinavyozunguka jaa vipimwe kwa gharama ya Kaunti, na majibu yabandikwe wazi kwa Kiswahili.

2. Penye sumu, kodi ya ardhi ipunguzwe mpaka udongo usafishwe.

3. Wengi wetu ni wapangaji. Mwenye nyumba akipunguziwa, naye apunguze kodi ya chumba.

Twajua kupunguziwa kodi hakumtoi mtoto risasi mwilini. Dawa ni kuliondoa jaa. Lakini Kaunti ikipoteza shilingi kila mwaka kwa sababu ya uchafu wake, ndipo itakapoona haraka ya kusafisha.

Kila mwenye stakabadhi ya kodi ya ardhi ya Dandora au Kariobangi aipeleke kwa katibu wa tawi lake. Mmoja akilalamika huambiwa arudi kesho. Tukienda mia, mlango utafunguliwa.

UMOJA NI NGUVU.