Miche ya Nyanya Tuoteshe Wenyewe

Watu wengi kijijini kwetu hununua miche ya nyanya sokoni. Husema kuotesha mbegu ni kazi ya bwana shamba. Mimi sikubali.

Msimu uliopita nilinunua miche. Ilikuwa mizuri sana. Ilipoanza kuzaa, ikanyauka mmoja mmoja, ingawa udongo ulikuwa na maji. Bwana shamba alikata shina, akalitia katika glasi ya maji. Ute mweupe kama maziwa ukatiririka. Akasema, "Huu ni mnyauko." Ugonjwa huu hukaa katika udongo. Husafiri pamoja na udongo ulioshikamana na mizizi ya miche.

Sasa pale sipandi nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo kwa miaka kadhaa. Napanda mahindi. Fedha ya miche ilikuwa ndogo. Shamba ndilo hasara yangu.

Kuotesha si kazi ngumu. Debe bovu lililotobolewa chini linatosha. Tia samadi iliyooza na udongo wa mahali pasipopandwa nyanya. Fukia mbegu sentimeta 1, funika kwa nyasi kavu, mwagilia. Zikichipua, ondoa nyasi siku hiyo hiyo. Mimi nilichelewa siku mbili, miche ikawa mirefu kama uzi! Weka kivuli, na miiba ya kuzuia kuku. Baada ya wiki 4 hivi, ihamishe jioni.

Wengine watasema hawana nafasi. Madebe yangu 3 yako nyuma ya jiko. Nayamwagilia maji ya kuoshea mboga.