Si Kila Homa Ni Malaria

Mtoto akichemka mwili usiku huko Ndhiwa au Awendo, magharibi mwa Kenya, uamuzi hufikiwa kabla hakujapambazuka: ni malaria, anunuliwe dawa. Ndani ya uamuzi huo mna hoja, na hoja yenyewe ina kasoro. Tunaanza na kauli tunayoikubali sote: ikiwa mtoto anaugua malaria, basi atapata homa. Homa ipo, basi ni malaria. Lakini kauli ya "ikiwa" na "basi" ni barabara ya kwenda tu, haina kurudi. Hali moja pekee ndiyo huifanya kuwa uongo: sehemu ya kwanza iwe kweli na ya pili isiwe kweli, yaani mtoto augue malaria bila kupata homa. Homa ya nimonia, ya taifodi au ya uti wa mgongo haipingi kauli hiyo hata kidogo. Ndiyo maana homa peke yake haithibitishi malaria, na anayepewa dawa isiyo yake hupoteza saa ambazo nimonia haimsubiri.

Hoja iliyo salama huanzia upande wa pili. Ikiwa ana malaria, kipimo kitaonyesha vimelea, kipimo hakikuonyesha, basi hana malaria. Wanafalsafa wa Kistoa wa Ugiriki, Chrysippus akiwa mbele yao, waliueleza muundo huu zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, na mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kutibiwa. Kipimo cha haraka hutoa jibu kwa chini ya nusu saa.

Wapo watakaosema kwamba kandokando ya Ziwa Victoria malaria ni nyingi mno, na anayekisia hupatia mara nyingi. Ni kweli, ila kupatia mara nyingi hakumsaidii mtoto ambaye kwake tumekosea. Wengine watasema kipimo nacho hukosea. Hilo ni pingamizi zito zaidi, kwa sababu muundo sahihi hauokoi kauli ya uongo: vimelea vikiwa vichache, kipimo huweza kuvikosa. Dawa yake ni kupima tena homa ikiendelea. Si kurudi kwenye kukisia.

Kosa pacha limekuja na chanjo ya malaria. Septemba 2019 chanjo ya RTS,S ilizinduliwa Homa Bay, na Migori ikawa miongoni mwa kaunti za awamu ya kwanza ya utoaji wake. Mzazi hujiambia: asiyechanjwa yumo hatarini, mtoto wangu amechanjwa, basi hayumo hatarini. Hapana! Chanjo hupunguza malaria, haiimalizi, na neti bado inahitajika.

Miundo hii michache ya hoja yaweza kufundishwa darasani pamoja na hesabu, bila gharama kubwa. Nawe mzazi wa Rongo au Mbita, kabla ya kulipia dawa, mwambie mhudumu ampime mtoto kwanza.