SAA YA KULA YA MADEREVA WA MIZIGO



Tungalitaka kuandika juu ya mambo yetu ya reli, nayo si machache, lakini tumeona heri tuyaweke kando mara hii tuseme habari za wenzetu wanaokuja getini kwetu kila siku, yaani madereva wa malori na pikapu za kupeleka mizigo, pamoja na mataniboi wao. Wengine watauliza, watu wa reli wanaingiliaje mambo ya watu wa barabara? Tunaingia kwa sababu mzigo ni mmoja. Behewa likileta, lori huchukua. Lori likileta, behewa huchukua. Tangu reli ilipofika hapa Kisumu mwaka 1901 kazi imekuwa hivyo, na hata meli Uhuru, iliyoanza kazi mwaka 1966 na kurudishwa kazini mwaka 2019, haiwezi kupeleka mabehewa yake ng'ambo ya ziwa kama hakuna aliyeleta mzigo gatini. Kwa hiyo mwenye kushika usukani ni ndugu yetu, ajue asijue.

Basi sikilizeni. Juzi alikuja godauni dereva mmoja wa gari la mkate, kuchukua unga wa tajiri wake. Jina lake na la tajiri wake hatuyataji. Ilikuwa yapata saa nane mchana. Alikuwa ametoka mjini saa tisa usiku, akapita Kisian, Kombewa, Ndori, Bondo hata Usenge, akiteremsha mikate duka kwa duka, akarudi njia ile ile na kreti tupu. Tulipomkaribisha kibandani kwa Mama wa chai alikataa, akasema hana nafasi. Tulimwuliza amekula nini tangu usiku. Akasema, kipande cha mkate uliovunjika.

Alituambia sababu. Zamani kidogo alisimama Bondo, akala ugali na omena, yeye na taniboi wake, muda wa nusu saa. Katika gari mna chombo kinachoonyesha ofisini mahali gari lilipo na kama linakwenda au limesimama. Jioni karani alimwita, akatakiwa aandike barua aeleze kwa nini gari la tajiri lilisimama dakika 30 bila kuteremsha kitu. Mwisho wa mwezi alikuta mshahara umepungua nusu siku. Tangu hapo hasimami. Mkono mmoja una andazi, mkono wa pili una usukani, na mbele yake watoto wa shule wanavuka njia.

Tulipokuwa shule ya misheni tulisomeshwa ya kuwa katika sheria ya Musa hata ng'ombe akanyagaye nafaka hafungwi mdomo. Huyu ndugu yetu amebeba mikate garini kutwa, na mdomo wake umefungwa.

Sasa tutazame sheria. Sheria ya magari ilipobadilishwa mwaka 2012 ilikatazwa mtu yeyote kuendesha gari la abiria au la biashara, au kumwamuru mfanya kazi wake aliendeshe, kupita saa 8 katika saa 24. Hiyo ni nzuri, nasi twaisifu, ingawa dereva yule wa mkate alikuwa amekwisha kukaa kazini saa 11. Tajiri atajibu ya kwamba saa za kuteremsha si saa za kuendesha. Kwa hesabu ya namna hiyo mtu aweza kufanya kazi mchana kutwa na usiku na bado karatasi ikawa safi.

Na habari ya kula je? Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 27, yamtaka tajiri apange saa za kazi na kumpa mfanya kazi siku moja ya kupumzika, kwa uchache, katika kila siku 7. Saa ya kula haikutajwa hapo. Kifungu cha 33 chataja chakula, lakini ni pale tu tajiri na mfanya kazi walipopatana waziwazi ya kuwa tajiri atatoa chakula. Kwa hiyo katika vifungu hivyo dereva asiye na mapatano ya chama hapati karatasi ya kumwonyesha karani, hata ya dakika 10.

Wenzetu wa Tanzania hawako hivyo. Sheria yao ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 23, yasema mfanya kazi akifanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5, lazima tajiri ampe mapumziko ya dakika 60 kwa uchache. Yasema tena, naomba... tunaomba wanachama waangalie sana hapa, ya kwamba tajiri halazimiki kulipa mapumziko hayo, isipokuwa akimtaka mtu afanye kazi au awe tayari kwa kazi wakati huo. Yaani kama unakula huku unalinda mzigo, huko si kupumzika, nawe una haki ya kulipwa. Mtu akitoka Kisumu na lori kupitia Kisii na Migori, akavuka mpaka pale Isebania, haki hiyo anaikuta upande wa pili wa kizuizi imeandikwa kwa wenyeji. Tumbo la Mkenya na tumbo la Mtanzania yanatofautiana nini?

Wala jambo hili si geni duniani. Shirika la Kazi la Dunia lilitoa Mapatano Namba 153 mwaka 1979, yahusuyo madereva wa barabarani tu, ya kwamba mtu asiendeshe zaidi ya saa 4 mfululizo bila kupumzika. Kenya haijayatia sahihi.

Katika reli mambo haya yalijulikana zamani. Wazee wetu wa injini za moshi walikuwa na nyumba za kupumzikia njiani, pana kitanda na jiko, na mtu akimaliza zamu yake mwingine hushika injini. Haikuwa huruma ya wakubwa wale, tusijidanganye. Walijua tu ya kuwa dereva aliyechoka ataiangusha treni, na treni ni ghali.

Matajiri wana majibu yao. Mwenye samaki atasema samaki hangoji. Ni kweli, samaki wa Usenge au wa Mbita akikaa juani ameharibika. Lakini samaki huyo yumo ndani ya barafu, amepangiwa safari ya kwenda Nairobi usiku kucha. Barafu inayoshinda usiku mzima itashindwa na saa moja? Mwingine atasema dereva anapumzika sana akiwa foleni, akingoja kupakia. Hapa twasimama kidogo, kwa maana neno hili latugusa sisi wenyewe. Ni sisi wa godauni tunaowaweka foleni. Mara nyingine ni saa tatu, na dereva hathubutu kuondoka kwa sababu akiondoka tu, karani wetu huita namba ya gari lake, asipomwona humrudisha nyuma. Ametulia, ndiyo, lakini hakupumzika, macho yake yako mlangoni. Hatuwezi kumnyoshea tajiri kidole huku sisi tunafanya hayo. Twataka makarani wetu watoe namba ya karatasi, na mwenye namba aende akale, akirudi akute nafasi yake.

Tena tuseme na madereva wenyewe bila kuwaficha. Wako wanaolipwa kwa tripu, nao hawataki kusikia habari ya kusimama, kwa sababu tripu ya tatu ndiyo karo ya mtoto. Hutafuna miraa toka asubuhi ili njaa isisikike, nao hujisifu kwa hayo. Hatuwalaumu sana, aliyepanga malipo hivyo ndiye aliyewapiga mbio. Lakini wajue ya kuwa saa ya kula ikiwa ni hiari, atakayeiacha atampokonya mwenzake anayeitaka, kwa kuwa tajiri atauliza, mbona fulani anamaliza mapema? Ndiyo sababu twataka iwe lazima kwa wote, na malipo ya tripu yapandishwe yaifidie saa hiyo. Bila la pili, la kwanza litakuwa mzigo juu ya maskini.

Na wale vijana wa pikipiki wanaopeleka chakula nyumba kwa nyumba kwa amri ya simu, Milimani na Kondele? Wao huambiwa si wafanya kazi bali ni washirika. Wananusa kuku wa watu mchana kutwa. Habari yao ni ndefu, tutairudia siku nyingine, ila mlango wa chama usifungwe mbele yao.

Njia iliyo karibu ni mapatano ya chama na matajiri. Haki ya kukaa meza moja na matajiri tuliipata kwa watu waliotutangulia. Mkataba wa Uhusiano Kazini wa mwaka 1962 ulitiwa sahihi Tom Mboya wa Rusinga akiwa Waziri wa Kazi, naye alikuwa ametoka katika vyama vyetu hivi. Tunaomba wenzetu wa vyama vya madereva waweke maneno haya katika mapatano yao: baada ya saa 5 za kazi, za kuendesha na za kuteremsha pamoja, dereva na taniboi wapate dakika 60, akilinda mzigo wakati huo alipwe, na chombo cha garini kikionyesha gari limesimama kwa ajili ya chakula, kisiwe ushahidi wa kumkata mtu mshahara. Halafu twende kwa wabunge wetu wa pande hizi, ili kifungu cha 27 kiongezwe saa ya kula.

Matajiri watataka ushahidi. Kwa hiyo kila dereva na taniboi apitaye godauni kwetu anaombwa kununua daftari dogo, aandike kwa wiki mbili saa aliyoanza kazi, saa aliyokula na mahali, na saa aliyomaliza. Asiyekula aandike hakula. Daftari lipelekwe kwa katibu wa tawi, mlango wa nyuma wa godauni, baada ya saa kumi na moja jioni. Majina hayatasomwa kwa mtu. Mkutano ni Jumapili ya mwisho wa mwezi, saa nane mchana, na mahesabu ya madaftari yatasomwa hapo. Chai itakuwapo.