Msomaji Maskini Hana Siri

Wako watu wanaoshikilia kwamba kanuni za kutumia kompyuta katika maktaba ya umma ni jambo dogo la uendeshaji, sawa na marufuku ya kupiga kelele au kula karanga mezani. Watu hao wanajidanganya. Kanuni inayoamua nini kisomwe, na nani, tena kwa idhini ya nani, ni suala la haki ya raia. Na yaliyotokea Marekani yanathibitisha hivyo.

Desemba 2000 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuwalinda watoto katika intaneti. Sheria haikuiamuru maktaba yoyote, iliingilia mfukoni. Maktaba inayotaka punguzo la gharama za intaneti, ambalo penye ufukara mkubwa hufikia asilimia 90, sharti iweke programu ya kuchuja picha chafu katika kila kompyuta, hata ile anayoitumia mzee wa miaka sitini. Maktaba ya mji wa matajiri yaweza kulikataa punguzo hilo na kubaki huru. Ya makabwela itapata wapi jeuri hiyo?

Hakuna mzazi wala mwalimu mwenye akili timamu atakayetetea uchafu uonyeshwe watoto. Lakini programu haina busara ya mwalimu. Mahakama ya Philadelphia iliyosikiliza shauri hilo mwaka 2002 iliona kwamba machujio hayo hufungia kwa maelfu kurasa zisizo na ubaya wowote, na hapo hapo huuachia uchafu mwingi upite. Ikaitangua sheria.

Juni 2003 Mahakama ya Juu ikairejesha, majaji sita kwa watatu. Moja ya hoja kuu ilikuwa kwamba mtu mzima anaweza kumwomba mkutubi amfungulie.

Kumwomba! Mwenye kompyuta nyumbani kwake hamwombi mtu. Anayeomba ni mama asiye na kitu, anayetaka kuelewa ugonjwa wa sehemu za siri, naye mkutubi ni jirani yake na foleni nzima iko mgongoni ikisikiliza. Wangapi watafungua kinywa? Waheshimiwa majaji hawakuwahi kupanga foleni hiyo.

Hata kuomba kwenyewe si dhamana. Katika jimbo la Washington, wasomaji wa mtandao mmoja wa maktaba za mashambani walifungua kesi mwaka 2006. Mmoja wao alikuwa akifanya utafiti wa masomo yake juu ya matumizi ya tumbaku miongoni mwa vijana. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua kwamba katiba ya jimbo haiilazimishi maktaba kuondoa chujio kwa sababu tu mtu mzima ameomba.

Watumishi na walimu watakaokabidhiwa kuandika kanuni za namna hii wasiige kwa kufumba macho. Kuweka kikomo cha muda ni haki kabisa, maana kompyuta ni chache na wanaongoja ni wengi. Saa moja ya mkurugenzi iwe sawa na saa moja ya mchuuzi. Kompyuta za watoto ziwe katika chumba cha watoto, zichujwe huko, na mtu mzima awe karibu. Za watu wazima zigeuziwe ukutani, na kumbukumbu za alichosoma mtu zifutwe mara anapoinuka kitini.