Binti Zetu na Tenisi ya Milimani



Binti wa Mombasa anayekwenda Nyeri kushindana katika tenisi huuacha usawa wa bahari na kufika mji ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,750. Nanyuki ni juu zaidi, karibu mita 1,950. Huko, aliyekuwa hodari nyumbani hupiga mpira ukavuka mstari, mara ya pili na ya tatu, asijue kosa lake. Nasi tulioketi kando ya uwanja huanza kumlaumu. Wiki hii twataka kumtetea.

Sababu ya kwanza ni hewa. Milimani hewa ni nyepesi, haiuzuii mpira sana, hivyo huenda kasi na mbali zaidi. Ndiyo maana Shirikisho la Kimataifa la Tenisi lina aina maalumu ya mpira kwa miinuko inayozidi mita 1,219. Pumzi nayo hukatika upesi, na baridi ya asubuhi hukaza misuli. Basi afike siku mbili tatu kabla, ajizoeze kwa mipira ya mashindano, anywe maji hata asipohisi kiu, apashe mwili moto vyema na alale mapema. Vazi la stara atakaloshindania, na hijabu isiyopepea, aanze kulivaa mazoezini ili mwili ulizoee.

Sababu ya pili ni sisi wenyewe. Mtoto anayewatazama wazazi kwa hofu kila akikosea hushindana na wawili: aliye ng'ambo ya wavu na aliye kitini.

Tuwatazame waliofanikiwa. Angella Okutoyi, aliyezaliwa mwaka 2004, alilelewa na nyanya yake jijini Nairobi, katika maisha ya dhiki. Mwaka 2022 yeye na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi walitwaa ubingwa wa Wimbledon wa wasichana wawili wawili. Mwaka huo huo Ons Jabeur, Muislamu wa Tunisia, alifika fainali ya wanawake huko huko Wimbledon. Aliyemtia katika mchezo huo, akiwa na umri wa miaka mitatu, ni mama yake. Jabeur alishindwa fainali hiyo, na ya mwaka 2023 pia, wala heshima yake haikupungua.

Tukumbuke kwamba Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.). Mara ya kwanza Bibi Aisha alishinda, na baadaye akashinda Mtume. Kushinda na kushindwa havikuleta kinyongo katika nyumba ile.

Basi binti atakapopanda basi kurudi Pwani, swali letu la kwanza lisiwe, "Umepata ngapi?" Liwe, "Mwanangu, umekula?" Akijua kwamba mapenzi yetu hayapimwi kwa alama, kesho atashika raketi bila hofu.