Usiniambie nivumilie

Mwezi uliopita mgonjwa wangu mmoja alifariki karibu na alfajiri. Nilimfumba macho, nikavuta pazia, na wazo la kwanza lililonijia lilikuwa: afadhali, kitanda kimepatikana. Sikulia. Nilipofika kwenye gari ndipo nikaogopa. Vifo nimeshaviona vingi, ila ule ukavu wangu ulinitisha.

Nikampigia mama. Yeye ni mtu wa Mombasa, alikuja Uingereza kabla sijazaliwa, na kwake kila shida ina dawa moja. "Vumilia, mwanangu. Mvumilivu hula mbivu."

Nampenda mama, lakini hapa sikubaliani naye. Uvumilivu unafaa kwa jambo lenye mwisho: mitihani, uchungu wa uzazi, baridi ya Januari. Wadi yenye wauguzi wachache haina mwisho, inakusubiri kesho tena. Usiku ule nilikuwa na wagonjwa kumi. Huwezi kuketi na kumi, kwa hiyo unachagua, na baada ya miezi kadhaa moyo unajifungia ndani ili mikono iendelee na kazi. Siyo roho mbaya hiyo. Ni hesabu.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu huu kuwa ni jambo la kazini, linalotokana na msongo wa muda mrefu usioshughulikiwa. La kazini, jamani, wala si la malezi au imani ya mtu. Basi dawa ianzie kazini. Sheria ya California iliyoanza kutumika 2004 inaweka kikomo: siku hizi ni wagonjwa 5 kwa muuguzi mmoja kwenye wadi za kawaida, na 2 kwa mahututi. Wales nayo ina sheria yake ya idadi ya wauguzi tangu 2016. Sisi wa England bado hatuna.

Kuna pia mikutano inayoitwa Schwartz Rounds, iliyoanzia Boston na kufika Uingereza 2009. Wafanyakazi wa hospitali wa kila ngazi huketi pamoja kusimulia jinsi kazi inavyowagusa. Hakuna anayejadili matibabu. Nilihudhuria mara moja, na nilitoka nikiwa mwepesi. Mara ya pili nilishindwa, maana hapakuwa na wa kunishikia wadi. Unaona? Hata huo msaada unahitaji watu wa kutosha.

Na nyumbani je? Siku yangu ya mapumziko, simu inaamka kabla yangu. Shangazi ametuma picha ya mguu uliovimba, binamu anauliza dawa ya presha ya baba yake. Nikichelewa kujibu, naambiwa, "We si nesi?" Ndiyo, ni nesi, lakini leo nilitaka kuwa binti wa mtu tu.

Kwa hiyo, kama una nesi kwenu, acha kumsifu kwa kutochoka. Muulize kama amekula. Muulize usiku wa jana alikuwa na wagonjwa wangapi, halafu mwandikie mbunge wako namba hiyohiyo.

Mama nimeshamwambia haya. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, njoo ulale huku, nitakupikia." Nililala saa kumi na mbili. Nilipoamka, nililia.