ULEZI WA WATOTO: Mgonjwa wa Surua Asifungiwe Ndani

Wako miongoni mwetu, hapa Mlabani na kwingineko, ambao mtoto wao akishikwa na surua humfungia chumbani, wakamnyima samaki na mafuta, wakangoja vipele vitoke. Nia yao ni njema, lakini yatupasa tuwasimulie yaliyoonekana Mvumi, katika mkoa wa jirani wa Dodoma.

Watoto 180 waliolazwa hospitalini huko kwa surua waligawanywa kwa nasibu mafungu mawili. Wote walipata matibabu ya kawaida, ila 88 waliongezewa vitamini A siku mbili mfululizo. Katika hao 88 walifariki 6. Katika 92 wasioongezewa walifariki 12. Tofauti ilidhihiri zaidi kwa walio chini ya miaka 2: upande wa vitamini alifariki 1 kati ya 46, na upande wa pili 7 kati ya 42. Madaktari Barclay, Foster na Sommer walitangaza hayo mwaka 1987. Idadi ile ilikuwa ndogo, lakini mwaka 1990 jaribio la Cape Town lilitoa jibu lile lile: 2 kati ya 92, na 10 kati ya 97.

Vitamini A haiui kirusi cha surua. Ila surua huimaliza akiba yake mwilini, nayo ndiyo ilindayo utando wa macho, koo na mapafu. Ikipungua, upofu na kichomi hupata njia. Basi kumnyima chakula mtoto mwenye surua ni kumnyang'anya silaha vitani.

Wali wa Ifakara ni neema kubwa, lakini mchele mweupe hauna vitamini hiyo. Imo katika matembele, mchicha, papai, embe, mayai na maini. Na mtoto mchanga huipata katika maziwa ya mama yake.

Wala mzazi asimpimie mtoto dawa hii mwenyewe, kwani ikizidi hudhuru, na kipimo hutofautiana kwa umri. Mpelekeni hospitali upesi. Na kabla ya hayo yote, chanjo ya miezi 9 na ya miezi 18 zisimpite.

Mtume wetu (S.A.W.) ametuamrisha tujitibu, kutegemea kwa Mwenyezi Mungu hakumwondolei mzazi wajibu wake. Mtoto ni amana, na amana tutaulizwa. Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu. Amin.